Tupeane uzoefu: vifaa vya kupigia kambi na gari hapa Uganda, kipi kimekuokoa na kipi umekijutia?

Kerea_Tupu
Wakuu, habari za Jumapili. Sisi wa Super Custom iliyong'olewa viti vya nyuma ikatandikwa godoro, na nyie wenye hema juu ya Land Cruiser, karibuni hapa. Yale magari-nyumba yenye jiko na bafu ndani huku kwetu ni ya kuhesabu, mengi ni ya wazungu wanaopita tu, kwa hiyo tuzungumze ya kwetu.

Naanza na aibu yangu: friji. Siyo ile ya kompresa. Ni boksi la kupoza, lile la kuchomeka kwenye tundu la sigara. Bei yake ilinichekea dukani. Tukaenda Ishasha, kusini ya hifadhi ya Queen Elizabeth, tukapiga kambi mtoni, ng'ambo ya maji ni Kongo. Boksi nikaliacha limechomekwa usiku kucha, ndani maziwa, nyama ya mbuzi na soda za watoto. Asubuhi maziwa ya vuguvugu. Nikazungusha ufunguo, gari likasema "tk", basi.

Nilikuja kuelewa baadaye. Boksi la aina ile halijui kupumzika. Linavuta kama ampea 4 mfululizo, kwa saa kumi hizo ni ampea-saa 40, na betri yangu ya kuwashia ilikuwa ya 60. Na ujue kusukuma gari Ishasha, huko simba wanakopanda mikuyu, si sawa na kusukuma gari Ntinda, mjini Kampala. Tulikaa ndani kama kuku kwenye tenga mpaka askari wa hifadhi walipopita saa nne wakatubusti.

Kilichoniokoa safari nyingine hakikunigharimu hata shilingi: kipande cha ubao wa mvule, kama sm 30 kwa 30, nilipewa na seremala. Kinakaa chini ya jeki. Bila ubao, kwenye udongo mweusi uliolowa, jeki inazama na gari linabaki pale pale.

Haya, leteni zenu.

MamaPacha
Mimi yangu ni ndoo yenye mfuniko. Msinicheke. Tulikuwa Ziwa Mburo, hema liko juu ya gari, ngazi imeshushwa. Saa nane usiku binti yangu anataka kwenda haja ndogo. Nikamulika tochi, chini ya ngazi kuna kiboko anakula majani, krap, krap, krap, kama ng'ombe wa jirani. Usiku viboko hutoka majini kuja kulisha, na pale kambini wamezoea. Tangu siku hiyo ndoo inapanda nasi, na baba watoto ndiye anayeimwaga asubuhi. Hiyo ni sheria.

Kerea_Tupu
Mama, hiyo sheria ameisaini mwenyewe?

MamaPacha
Alisaini pale alipomuona kiboko.

Mzee_wa_Masindi
Vijana, mmesahau rangi. Nilinunua turubai la bluu, yale ya kawaida ya sokoni, nikalitundika ubavuni mwa gari liwe kivuli. Tuko hifadhi ya Murchison, kusini ya mto, mchana wa jua kali. Ndani ya dakika chache mbung'o wametujaa kama tumewaalika. Mke wangu kavaa kitenge cha rangi ya maji ya bahari, naye alikiona cha moto. Askari mmoja akaniuliza, "Mzee, umeona vile vitambaa vilivyotundikwa kando ya barabara?" Nikamwambia nimeviona. Akasema, "Hiyo ni mitego ya mbung'o. Ni ya rangi gani?" Bluu na nyeusi! Kumbe mimi nimejijengea mtego na kuketi ndani yake.

Sasa nina turubai la kijani kibichi lililopauka na nguo za kaki. Dawa ya kupaka inayozuia mbu, mbung'o wala hawaijali. Ya maana ni shati zito, maana kitambaa chepesi wanakitoboa. Na madirisha mfunge mkiwa mnatembea, kitu kinachokwenda wanakifuata.

Dogo_wa_Boda
Kifaa kibovu kuliko vyote: shemeji asiyejua kukunja hema. Samahani, nimetoka nje ya mada.

Kabale_Baridi
Hili nitaliandika kwa kirefu kwa sababu ningeweza kuwa sipo leo.

Ziwa Bunyonyi lipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku baridi inaingia mpaka kwenye meno. Tulikuwa wawili ndani ya Hiace, tumemaliza kupika kwenye sigiri, makaa bado mekundu. Mwenzangu akasema tuliingize ndani litutie joto, tukafunga madirisha. Nilikuwa nasinzia, kichwa kinagonga, nikadhani ni uchovu wa njia ya Kisoro. Bahati nilitaka kutapika, nikafungua mlango na kuangukia kwenye umande. Mwenzangu nilimvuta miguu. Alikuwa mzito, hajibu, akazinduka baada ya kupata hewa ya nje. Hatukuona moshi, hatukusikia harufu yoyote. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na gari lililofungwa ni dogo mno.

Sigiri nalipenda, hakuna jiko linalochoma muhogo na nyama kama lile. Ila linabaki nje, hata likiwa limebaki majivu. Ndani ni blanketi mbili, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo, miguuni. Na dirisha moja liachwe wazi vidole viwili, vinginevyo pumzi zenu zinageuka maji na kudondoka kutoka darini.

MamaPacha
Pole sana kaka. Nimemsomea mume wangu kwa sauti.

Mzee_wa_Masindi
Pole mwanangu. Mungu alikuwa macho.

Karamoja_Vumbi
Vibao vya plastiki vya kunasulia gari: nusu kwa nusu. Hifadhi ya Kidepo, kwenye mto wa mchanga mkavu, tulizama mpaka ekseli. Dereva akakanyaga mafuta, tairi ikazunguka juu ya kibao, meno ya kibao yakayeyuka, harufu ya plastiki kila mahali. Kibao si kibaya, mguu wa dereva ndio mbaya. Kilichotutoa ni kupunguza upepo wa tairi, kutoka PSI 36 hadi 18, tukachimba mbele ya matairi na kuondoka taratibu kwa gia ya chini. Kwa hiyo namba moja yangu ni kipimo cha upepo na pampu ya kuchomeka kwenye betri. Bila pampu utarudi Kitgum na tairi laini, na ile njia ya mawe itazikata pembeni.

Dogo_wa_Boda
Na jerikeni la mafuta?

Karamoja_Vumbi
La chuma, na lisijae mpaka mdomoni. Jua la kule linafanya mafuta yapande.

Senene_Kyotera
Jamani, mimi kifaa changu kibovu ndicho kizuri. Mume wangu alifunga taa ndefu nyeupe juu ya gari, inamulika kama uwanja wa mpira, na kila kambi majirani wanalalamika. Nilikuwa nimeshamwambia aing'oe. Novemba tukalala shambani kwa mama mkwe, upande wa Masaka, akaiwasha atafute spana. Senene! Wakashuka kama mvua. Wenyeji Masaka huwatega kwa taa kali na mabati, sisi tuliegemeza bati moja kwenye bampa na kuweka pipa chini. Tulikesha hadi alfajiri tunanyonyoa mbawa na miguu, kisha nikawakaanga na kitunguu bila tone la mafuta, maana wana mafuta yao wenyewe.

Taa bado ipo. Mama mkwe anauliza kila wiki tunakuja lini.