Atachimenti kituo cha mikoko Gazi: nibebe nini, na kweli mtu hufunzwa kazi?

binti_wa_Bungoma
Hamjambo wadau. Nimepata nafasi ya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, ya miezi mitatu kwenye kituo cha utafiti wa mikoko pale Gazi, Kwale. Niko mwaka wa tatu, sayansi ya mazingira. Bahari nimeiona mara moja tu, nikiwa juu ya feri ya Likoni, na kuogelea sijui. Rafiki yangu alikwenda kituo kingine akaishia kutoa fotokopi na kuchemsha chai. Huko hali ikoje? Na gambuti ninunue?

tope_hadi_magotini
Dada, gambuti ziache dukani. Mimi nilikwenda na mpya kabisa. Siku ya kwanza, sijafika hatua ya ishirini, tope likazimeza zote mbili, mguu ukatoka na soksi peke yake. Mvuvi aliyekuwa akipita alicheka mpaka akakaa juu ya mzizi. Nunua raba za kitambaa za kufunga kamba, zikubane vizuri, na usitarajie kuzivaa tena popote. Beba penseli pia. Wino ukiguswa na maji ya chumvi, kazi ya asubuhi nzima imekwenda.

Kufunzwa utafunzwa, ila saa za ofisi zisahau. Ratiba anayo bahari. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji hupwa kama saa nne asubuhi, basi saa mbili mko njiani na kamba na vigingi. Kila siku yanachelewa karibu dakika 50, nanyi mnayafuata. Yakiwa maji mafu, yasiyopwa sana, mnakaa ndani, mnaingiza takwimu na kupima uzito wa majani yaliyokaushwa. Mimi huko ndani nilikuwa nasinzia, sitasema uongo.

Wiki ya kwanza nilishika kamba tu: viwanja vya mita 10 kwa 10, kila mti uliomo unapimwa. Wiki ya pili nikapewa tepu. Chuoni tulifundishwa kupima shina sentimita 130 kutoka ardhini, nami nikafanya hivyo hivyo. Sasa mkoko umesimama juu ya mizizi yake kama mtu aliyepanda magongo; ukipima pale, mara nyingi hujalifikia hata shina lenyewe. Unautafuta mzizi wa juu kabisa, unapanda sentimita 30, hapo ndipo. Nilikuwa nimeshapima miti kama 40 fundi mmoja mzee aliponiona. Hakunigombeza. Aliomba kifutio changu, akafuta ukurasa mzima taratibu, akanirudishia daftari.

Huyo mzee ndiye aliyenifunza aina za miti ya humo, mchu, mlilana, mkandaa na muia, kwa gome, kwa mzizi, hata kwa jani ukilishika gizani. Rhizophora, jina la kitaalamu la mkoko wenyewe, nilijua kuiandika. Kuiona sikujua.

mtoro_wa_Kilifi
Uliza mapema kama kuna posho. Mimi nilikuwa kituo kingine, sikitaji, nikaahidiwa hela ya chakula, nikaila kwa macho. Nenda na pesa yako ya chumba na unga. Na uwe na swali lako dogo la kuchunguza, hata kama ni kuhesabu mashimo ya kaa. Asiye na swali ndiye anayetumwa fotokopi.

leso_mbili
Mwanangu, karibu Gazi. Likoni panda matatu za kwenda Msambweni au Lungalunga, useme wakushushe Gazi, halafu bodaboda mpaka kijijini. Njoo na leso mbili na chandarua. Sisi kina mama tuna daraja letu la mbao ndani ya mikoko, wageni hulipa kiingilio na tunawapikia. Pita hapo kwanza ujionee kabla hujashuka topeni.

Waulize wazee habari za miaka ya 1970, mikoko ilipokatwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali, pakabaki peupe. Kupanda upya kulianza miaka ya 1990, na leo ukiingia kwenye miti ile jua hulioni. Tangu 2013 kuna mradi wetu wa Mikoko Pamoja, hekta 117, kunauzwa hewa ya ukaa, yaani tunalipwa kwa ile hewa ambayo miti inaivuta na kuihifadhi, na pesa zake zimeleta maji na vitabu vya shule hapa na Makongeni.

Kupanda utapanda, lakini usichomeke mbegu popote. Mlilana ndio unaokaa mbele, unapigwa na mawimbi. Mkoko uko nyuma yake, mbegu zake ndefu kama maganda ya mlonge. Ukiubadilishia mahali unakufa, na wewe umeshapiga picha.

Hujui kuogelea, basi usiingie peke yako. Ukiona maji yameanza kurudi mferejini, toka. Huo mti wa mwisho mtaupima kesho.

binti_wa_Bungoma
Shikamoo mama, asante sana. Asanteni nyote. Raba nitatafuta, na swali langu litakuwa la kaa. Ila ile habari ya gambuti niliuliza nikiwa nimeshazinunua. Kuna anayevaa saizi 5?