Tupeane uzoefu: pesa ya kusaidiana, mnaulizana vipi na mnaamuaje iende wapi?

Mleta mada (Mtwara mjini)

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuchangiana kilichoanzia mtaani kwetu hapa Mtwara. Sasa wanachama wametapakaa: Lindi, Masasi, Dar, wengine wako Msumbiji. Shughuli zetu mnazijua. Mgonjwa kapewa rufaa kutoka hospitali ya Ligula kwenda Muhimbili na ndugu hawana nauli. Mtoto kachaguliwa kidato cha kwanza. Ada haipo siku hizi, lakini sare, madaftari na godoro la bweni vinamsubiri. Upepo umeondoka na bati za bibi anayelea wajukuu.

Ninaloliona Kusini kwetu ni kwamba vikundi hivi haviuawi na umaskini. Vinakufa siku mtu akiuliza, "Ile elfu arobaini ya Jumatatu ilinunua nini?" na mwenzake akasikia, "Wewe mwizi." Mmoja anajitoa kwenye grupu, jioni shemeji zake wanamfuata, na mgonjwa aliyekuwa akichangiwa anabaki na nusu ya hesabu.

Msimamo wangu nauweka wazi. Pesa iliyotolewa kwa ajili ya mwenye shida ni amana, na swali juu ya amana si tusi. Lakini swali lina adabu yake, na matumizi nayo ni magumu, maana ukimpa huyu, yule umemnyima. Tuelezane mnavyofanya huko mliko, yaliyofaa na yaliyoshindikana. Majina ya watu na ya vikundi tuyaache.

Mama wa Chuno

Umegusa penyewe. Kwetu mambo yaliharibika pale kijana alipomdai mzee risiti mbele ya watu wote. Risiti ilikuwepo. Mzee alinyamaza usiku kucha, asubuhi akaituma, kisha akasema hatashika tena pesa ya mtu. Wengi tumelelewa kwamba mdogo hamhoji mkubwa hadharani, tena habari za pesa. Na kijana naye alikuwa na haki, mchango wake ulikuwemo.

Tulichofanya ni kuondoa haja ya kuuliza. Mshika pesa analeta hesabu kabla hajaombwa, siku ileile pesa inapotoka: kilichoingia, kilichotoka, makato ya kutuma na ya kutolea, salio. Anapiga picha ujumbe wa muamala, anafunika namba ya mpokeaji, anaweka. Mwenye swali zaidi anamfuata faragha kwanza. Zikipita siku mbili hajajibiwa, analileta kwa wote na hakuna wa kumwambia ana kiherehere.

Fundi wa Mikindani

Ongeza hili: kwetu mjadala wa pesa hauendeshwi kwa ujumbe wa sauti. Andika. Sauti ya dakika nne hakuna atakayeirudia kutafuta kama ulisema elfu ishirini au ishirini na tano, na hasira inasikika hata pale mtu hakuikusudia.

Dereva wa Masasi

Mimi niseme juu ya nauli ya anayepeleka, maana hapa wengi tunadanganyana.

Kikundi chetu kilikuwa na kauli moja: "Sadaka haikatwi." Inapendeza masikioni. Ila unga na mablanketi haviendi Nanyumbu vyenyewe, na bodaboda wa kutoka lami kuingia vijijini anataka chake, masika ndiyo zaidi. Kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuandika nauli kwenye hesabu, waliokuwa na uwezo walilipa kutoka mfukoni mpaka wakachoka kimya kimya. Baada ya hapo misaada ikawa inaishia kwa watu wa kando ya barabara. Si kwamba wao ndio wenye shida kuliko wengine, ndio wanaofikika bila gharama. Kila tukifunga hesabu tunajisifu kwamba senti zote zimefika. Zimefika kwa nani?

Hoja yangu ikawa: andikeni nauli. Tulibishana sana. Wapo waliosema ukifungua mlango wa nauli, kesho kutakuwa na posho, keshokutwa soda za kikao. Hofu hiyo si ya kupuuza, sote tumeona misaada ikiishia kwenye fulana na bango. Mwishowe tulifungua mfuko wa pembeni: anayependa anachangia uendeshaji, yaani nauli, makato na vocha, na unatajwa hivyo hivyo bila kuficha. Mchango wa mgonjwa unabaki mzima, bodaboda analipwa. Wanaochangia mfuko huo ni wachache, lakini ndio uliotufikisha vijiji vya upande wa Mto Ruvuma.

Mzee wa Kivinje

Kijana wa Masasi, nakuunga mkono. Kwenye zaka jambo hilo lilishaamuliwa. Sura At-Tawba aya ya 60 inataja mafungu manane ya wanaostahiki, na wanaoitumikia zaka ni fungu mojawapo. Asiseme mtu kwamba kumlipa anayehangaika ni kula sadaka.

Ila aya hiyohiyo inafunga mlango mwingine. Zaka haiendi kwenye jezi za timu wala bati za ofisi ya mtaa. Kwetu kuna madaftari mawili, la zaka na la mchango. Anayetuma anaandika ni ipi. Asiyeandika anapigiwa simu. Wakristo tulio nao wanachangia daftari la pili, na la kwanza wanaruhusiwa kulisoma, hatufichani.

Nesi, mkoa wa Lindi

Ombi langu kwenu: kabla hamjachanga, ulizeni kipi ni bure. Dawa za kifua kikuu na za kufubaza VVU hazilipiwi. Mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano wana msamaha kisera. Asiye na uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, akithibitishwa anaweza kupunguziwa au kufutiwa gharama. Mwanamke mwenye fistula ya uzazi anatibiwa hospitali ya CCBRT Dar es Salaam bila malipo. Nimeona watu wakichanga kulipia kitu chenye msamaha, huku mgonjwa na anayemuuguza hawana chakula. Chakula ndicho kisicho na msamaha.

La pili ni gumu. CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, ilipokuwa elfu thelathini kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, nilipeleka hoja kikundini: laki sita tuliyonayo inakatia kaya ishirini. Wakati huohuo kulikuwa na mtu mmoja wodini anadaiwa kiasi kinachokaribia hicho. Mwenzetu akaniuliza, "Dada, kesho utampitaje pale kitandani?" Nampita kweli, ni kazini kwangu. Tulimlipia. Bado naamini kaya ishirini zilikuwa na uzito zaidi, nimelisema kikaoni na nalisema hapa, wala simchukii aliyeona vingine. Ninachoshukuru ni kwamba tulibishana juu ya pesa na hakuna aliyeambiwa hana huruma.

Mleta mada

Dada Nesi, asante sana, hilo la kuuliza kwanza kipi ni bure nimeshalinakili. Nauliza jingine: mnapomjadili anayeomba msaada, mnafanyaje? Na picha zake je?

Binti wa Nachingwea

Hapa naomba mnisome polepole.

Mama yangu aliwahi kuchangiwa. Nilikuwemo kwenye grupu, wengi hawakujua ni mama yangu. Nikasoma: "Huyu si ana mikorosho?" "Watoto wake wako wapi?" "Mumewe alikuwa mlevi, pesa zote kamaliza." Kisha pesa zikaja, tena nyingi, na picha yake akiwa na kanga ya hospitali ikawekwa ili watu waone zimefika. Mama alipona. Mpaka leo kuna njia hapiti.

Kikundi nilichomo sasa kina sharti nililoliomba mwenyewe. Watu wawili wanakwenda kumwona mwenye shida, wanarudi na mambo mawili tu: kinachohitajika, na kiasi. Historia ya nyumba yake haiingii kwenye grupu. Wakiona hastahili, wanasema "tumeshauri hapana", na wanaojibu ni viongozi wawili, si watu mia. Picha ya mtu haiwekwi. Kama lazima tuonyeshe, tunapiga picha bati, au risiti ya duka la dawa iliyofunikwa jina. Na hilo si hisani tu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti.

Mama wa Chuno

Pole mwanangu. Nalipeleka kwetu kama lilivyo.

Wa Somanga

Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua, barabara ya Dar kuja Lindi ilikatika huku kwetu Kilwa. Ndugu zetu wa Dar walikuwa wameshanunua unga, maharage na ndoo hukohuko, wakakodi fuso. Fuso ikalala njiani. Wengine walituma pesa kwa simu, tukanunua kwa wenye maduka hapahapa waliokuwa bado na mzigo. Tangu hapo nasema pesa itangulie, isipokuwa kwa kitu kisichopatikana dukani, kama turubai. Hicho tuleteeni.

Fundi wa Mikindani

Mkuu, na mtu akinunua visivyokusudiwa?

Wa Somanga

Mama mmoja alinunua chumvi, kiberiti na doti ya kanga. Kwenye orodha yetu kanga haikuwemo, na alikuwa amebaki na nguo aliyoivaa. Anayekosa anajua anachokosa.

Mkulima wa Tandahimba

Wadau, kwetu ugomvi uko kwenye majira. Minada ya korosho inaanza Oktoba, wakulima wanaanza kuingiziwa pesa wiki zinazofuata. Ukiomba mchango Novemba, kila mkono uko wazi. Ukiomba Machi, hata anayekupenda hana, na Machi ndipo chakula kimepungua ndani na njia zina tope.

Tukaamua nusu ya kinachokusanywa msimuni ikae benki ingoje masika. Wapo waliohamaki: sadaka inalalaje na watu wanaumwa? Sikuwaona wakorofi, walikuwa wanamtetea mgonjwa wa Desemba. Tulichowapa ni ukomo: Juni ikifika pesa haijatumika, inarudi mezani, hakuna kuivusha msimu. Na watia saini watatu wa akaunti, mmoja tulimchagua kwa makusudi kutoka kwa waliopinga.

Mleta mada

Hilo la aliyepinga kuwa mtia saini nalipeleka kikaoni Jumapili. Akaunti ya kikundi mlidaiwa nini benki?

Mkulima wa Tandahimba

Katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao wenye sahihi za wanachama, barua ya utambulisho na vitambulisho vya NIDA vya watia saini. Anzia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako, akuelekeze usajili kwanza. Muhtasari uandikwe majina kama yalivyo kwenye NIDA, herufi kwa herufi, la sivyo utarudishwa.