Mrejesho: mashine ya kukaushia nguo iliyogoma kuwaka

Wakuu, niliomba ushauri hapa kuhusu mashine iliyogoma, sasa narudi na mrejesho. Mashine yangu ya kukaushia nguo taa ya ndani ilikuwa inawaka, lakini ukibonyeza kitufe cha kuanzishia, kimya. Swichi ya mlango nimeikuta nzima. Aliyesema nipime fyuzi ya joto (ile inayokata umeme mashine ikipata joto kupita kiasi) alilenga penyewe, Mungu ambariki. Nilichomoa plagi, nikafungua mfuniko wa nyuma, nikaipima kwa mita: haipitishi umeme kabisa. Ila fyuzi haikati bure. Bomba la kutolea hewa lilikuwa limeziba kwa nyuzi za nguo zilizoshikamana, nene kama blanketi. Nimelisafisha lote mpaka tundu la ukutani, nimeweka fyuzi mpya, inazunguka. Mnaoshauri kuiruka fyuzi kwa waya, tafadhali acheni, mtaunguza nyumba za watu.