Hali ya Baba: utumbo umeziba

Neema: Shikamooni. Ndiyo natoka wodini. Picha imeonyesha utumbo mwembamba umeziba. Daktari anasema ni makovu ya upasuaji wa zamani, yameushika utumbo ukapinda. Kwa sasa hawampasui.

Baraka: Hawampasui?! Wanasubiri nini?

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu, pole kwa kukesha. Baraka, wapo sahihi. Damu ikiwa bado inapita vizuri, wagonjwa wengi wa makovu hufunguka bila kisu. Haruhusiwi kula, anawekewa dripu, na mpira wa puani unanyonya yaliyojaa. Mara nyingi husubiri hadi saa 72 wakimwangalia kwa karibu. Na kila upasuaji huacha makovu mapya.

Neema: Huo mpira umetoa maji ya kijani, mfuko wa kwanza ulijaa upesi. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma, sasa limelegea kidogo.

Mama: Nimpelekee ile dawa ya kulainisha choo?

Shangazi Rehema: Wifi, chonde chonde usimpe! Utumbo uliozibwa ukisukumwa kwa nguvu unaweza kupasuka.

Baraka: Shangazi, tuambie ukweli. Atapona?

Shangazi Rehema: Nina matumaini makubwa. Utumbo usiponyongeka, wanaofariki hawafiki 5 kwa 100. Ukinyongeka unakosa damu na kuoza, na upasuaji ukichelewa anaweza kufa hata mgonjwa 1 kati ya 4. Kwa hiyo Neema, maumivu yakiacha kuja na kuondoka yakawa ya mfululizo, au akipata homa, moyo ukaenda mbio, tumbo likawa gumu, mwite muuguzi papo hapo. Akikuona msumbufu, na akuone.

Baraka: Baba wa rafiki yangu alizibwa hivyohivyo, hakupona.

Shangazi Rehema: Pengine chanzo kilikuwa kingine. Uvimbe wa saratani una safari yake ngumu. Utumbo mpana ukijisokota nao, hata ukinyooshwa hujirudia sana, ndiyo maana hushauri kukata kipande. Kaka yangu naye ajue makovu hayaondoki, inaweza kurudi hata baada ya miaka. Akitapika tena na hewa ikagoma kutoka, asikae nyumbani.

Neema: Jamani, ametoa hewa! Mara mbili!

Mama: Mungu asifiwe!

Shangazi Rehema: Ee Mungu asante! Mwambie muuguzi aandike. Mdomoni bado, hata funda la maji, mpaka daktari aruhusu. Mfuko ukoje sasa?

Neema: Kinachotoka ni kidogo sana, na ukijani umepungua.