Tupeane uzoefu: Riwaya ya mapenzi ya kale iliyokurudisha kwa wazee wa nyumbani

Msomaji wa Umoja
Hamjambo wote. Naanza mimi.

Nasoma riwaya za mapenzi ya zamani tangu kidato cha pili. Nyingi nimezinunua kwa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara mjini, unainama unachagua, kurasa zimeshapata rangi ya chai. Ninazozipenda zaidi ni za Uingereza ya Regency, kati ya 1811 na 1820, mfalme George wa Tatu akiwa mgonjwa na mwanawe akitawala kwa niaba yake. Humo kuna safari moja ambayo haikosi: vijana wanatoroka usiku kwa gari la farasi kwenda Gretna Green. Miaka yote nilidhani ni chumvi ya waandishi, kumbe ni mambo ya sheria. Tangu 1754, kijana wa Uingereza aliye chini ya miaka 21 alihitaji ridhaa ya mzazi ili ndoa yake isipingwe. Scotland haikuwa na sharti hilo. Wawili wakitamka mbele ya mashahidi kwamba wameoana, yamekwisha. Gretna Green ipo pale pale ukivuka mpaka, na wahunzi wa kijiji wakapata umaarufu kwa kufungisha ndoa juu ya fuawe, kile chuma kinachogongewa nyundo. Kutoka London ni zaidi ya kilomita 500. Fikiria Nairobi hadi Mombasa, na zaidi, kwa farasi, baba mtu anawafukuza nyuma.

Krismasi ya 2016 nilikuwa nyumbani namsomea shosho, bibi yangu, macho yake yalikuwa yameshafifia. Nilikuwa nafasiri papo hapo, Kiswahili kikinipotea natumia Kikuyu. Nikafika pale mhunzi anapogonga nyundo kuwatangaza mume na mke. Neno fuawe sikulijua siku hiyo, nikasema tu "anvil". Shosho akainua mkono ninyamaze. Akaniuliza, "Hiyo Anvil ni ile ya malori?"

Nilikuwa sijawahi kusikia habari hizo kinywani mwake. Tarehe 24 Aprili 1954, Jumamosi, jeshi na polisi wa Mwingereza waliuzingira mji wa Nairobi kuwasaka Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, wakaenda mtaa kwa mtaa wakiwatoa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Operesheni hiyo ndiyo waliyoiita Anvil. Wanaume walipangwa foleni wakapita mbele ya watu waliofunikwa gunia kichwani, wamebaki na matundu ya macho tu. Gunia likitikisika, umekwenda. Guka, yaani babu, alipelekwa kambi ya kizuizini ya Lang'ata, kisha ya Manyani. Walikuwa na miezi minne tu tangu waoane. Shosho alirudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa Waafrika, na wanawake wengine, kila mtu na mzigo anaoweza kuubeba. Yeye akabeba blanketi, sufuria, na kiti cha mbao. Askari alimwambia akiache, akakikalia.

Kwenye nyumba yetu kuna viti viwili vya jikoni vinavyofanana kwa mbali, kimoja mguu umefungwa waya. Nimevipanda tangu utotoni kubadilisha balbu. Sikuwahi kuuliza vimetoka wapi.

Shosho ametutoka 2019. Najua yale aliyoniambia jioni ile kwa sababu ya kitabu kilichoraruka jalada. Nawe je?

Fundi wa Kariokor
Pole kwa shosho, dada. Mimi ni fundi cherehani na hata riwaya naisoma kwa macho ya fundi. Naangalia nguo kwanza. Nikikuta binti wa 1815 anafunguliwa zipu mgongoni, nakifunga kitabu. Zipu hii tunayoishona leo ni kazi ya Gideon Sundback, 1913, na kwenye magauni ya wanawake imeingia miaka ya 1930. Wakati ule ni vifungo, kamba, kulabu na pini, na binti hawezi kuvaa peke yake, lazima awepo wa kumfunga. Mwandishi anayelijua hilo ana mtu wa tatu chumbani, na siri haiwi siri tena. Utaona jinsi hadithi nzima inavyobadilika kwa ajili ya kifungo.

Kilichonirudisha nyumbani ni kitambaa. Magauni yale mepesi, yaliyokatwa chini tu ya kifua, yalikuwa ya melimeli, na melimeli nzuri kupita zote ilitoka Bengal, ikifumwa kwa mkono. Nilipolisoma hilo nikakumbuka nyanya yangu alivyokuwa akiita kila kitambaa cheupe kizito "merikani". Nikamuuliza mjomba wangu mkubwa, akaniambia kwani hujui, ni kitu cha Marekani. Kweli bwana. Kilikuwa kikifumwa Massachusetts, kikashushwa Unguja miaka ya 1830, kikapanda bara vichwani mwa wapagazi. Jina la nchi likabaki kwenye nguo. Mimi nimekikata kitambaa hicho miaka kumi na tisa bila kujua namtaja nani.

Na jina la mtaa wangu ni la Carrier Corps, wale wapagazi waliobeba vita vya 1914 hadi 1918 mabegani. Riwaya ya mapenzi kuhusu mke wa mpagazi bado naitafuta.

Wa Rongai
Nimesoma hiyo ya kiti ndani ya matatu nikashindwa kuzuia machozi. Guka alirudi? Na kiti cha pili kilitoka wapi? Tafadhali usituache hapo.

Mzee wa Kaloleni
Wanangu, nina miaka sabini na kitu, na nitasema kinachoniuma. Kuna riwaya chungu nzima za mapenzi zilizowekwa Kenya ya walowezi. Shamba la kahawa, farasi, veranda, mama mmoja wa Kizungu hajui amchague nani. Nimezisoma nyingi. Mandhari wanayaandika vizuri, hilo siwanyimi. Lakini baba yangu alikuwa mpishi wa nyumba kama hizo, na ndani ya vitabu hivyo mpishi hana jina. Anaitwa "boi" akiwa na mvi. Analeta chai, anatoka.

Baba alikuwa anamchumbia mama katika miaka hiyo hiyo. Mama alikuwa yaya nyumba ya tatu kutoka pale. Wakionana Jumapili alasiri tu, na baba hawezi kutoka getini bila kipande chake, kile kitambulisho cha lazima kwa wanaume Waafrika, na barua ya bwana yake. Mapenzi ya nyuma ya nyumba yalihitaji ujasiri kuliko yale ya veranda. Nilikuja kumuuliza mama baada ya kusoma moja ya riwaya hizo, nimekasirika. Akacheka, akasema baba alikuwa akimwekea mkate wa maziwa ndani ya kofia ya upishi.

Na jengo la maktaba ya McMillan pale mjini, lenye simba wa mawe mlangoni, lilifunguliwa 1931. Mwafrika aliruhusiwa kuingia kusoma 1958. Baba alipita mbele yake miaka yote hiyo, naye alikuwa anajua kusoma.

Binti Majengo
Shikamoo mzee. Umenigusa.

Mimi nataka kuwakumbusha wadau kwamba tunayo ya kwetu. Someni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya 1999. Ni Unguja ya ukoloni. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa mtoto mdogo kwa mwenye duka aliyemzidi mno, anatoroka, kisha anampenda Denge, kijana Mwafrika ambaye makachero wa Mwingereza hawampi usingizi. Mapenzi yao na siasa huwezi kuvitenganisha hata kwa kisu. Nilipomaliza nilimsimulia bibi yangu, akanyamaza kitambo, akasema, "Hata hapa Majengo wako akina Yasmin." Akanitajia nyumba. Siwezi kuandika zaidi, wenyewe wana wajukuu.

Mwandishi Chipukizi
Naomba msaada wenu, hasa wazee. Naandika riwaya ya mapenzi iliyo Nairobi ya 1922. Mhusika wangu anaishi Pangani ya zamani, kijiji cha Waswahili ambako wanawake wengi walimiliki nyumba zao wenyewe. Machi 14 Harry Thuku, mtetezi wa haki za Waafrika, anakamatwa. Machi 16 umati unakusanyika nje ya kituo cha polisi, karibu na hoteli ya Norfolk, na Mary Muthoni Nyanjiru anawaambia wanaume wampe suruali zao, wao wachukue gauni lake. Risasi zinapigwa, naye anauawa na wengine wengi. Mhusika wangu yumo katika umati ule anamtafuta mchumba wake.

Rasimu ya kwanza nilimsomea babu. Nilikuwa nimeandika sura ambamo wawili hao wanatembea mjini usiku wameshikana mikono. Babu akaniuliza, "Kipande chake kakiacha wapi?" Sura nzima ikaanguka. Nimekaa wiki mbili kwenye Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue nikiiandika upya, na sasa mchumba ana kile kikopo cha bati shingoni, na ndicho binti anachokisikia kikigonga vifungo vya shati lake wanapokumbatiana. Nilipoandika hilo ndipo nilipojua nawafahamu.

Swali: binti huyu avae nini?

Binti Majengo
Kanga, mpenzi. Doti, moja kiunoni, moja mabegani. Na ukitaka kanga yake iseme neno, kumbuka enzi hizo maandishi yalikuwa ya herufi za Kiarabu, kwa hiyo amua kama mchumba anajua kuyasoma.

Fundi wa Kariokor
Na akivaa gauni, zipu hapana. Vifungo mbele. Andika amekosea kimoja kwa haraka ya asubuhi ile, kimeingia tundu la jirani, na hajagundua mpaka yuko kwenye umati.

Msomaji wa Umoja
Wa Rongai, samahani nimechelewa, nilimpigia mama kwanza nihakikishe.

Guka alirudi 1958. Viti alikuwa ameagiza viwili kwa seremala wa Shauri Moyo kabla ya harusi, akalipia kimoja, kingine akaahidi kukimalizia mwisho wa mwezi wa nne. Alipotoka Manyani alirudi Shauri Moyo akiwa na pesa mkononi. Seremala hakuwepo, naye alikuwa amechukuliwa Jumamosi ile ile, na banda lilikuwa la mtu mwingine. Basi guka akaazima msumeno kijijini, akakiweka kiti cha shosho mbele yake, akawa anapima kwa kamba na kukata. Hakuwa seremala. Mguu mmoja ulitoka mfupi, ukapasuka alipoupigilia, akaufunga waya.

Ndicho shosho alichokuwa akikalia siku zote. Kile kizuri aliwapa wageni.