Tuuze nini kwenye mahafali badala ya soda na pipi?

Mzazi wa Darasa la Nne, Morogoro:
Ndugu wazazi wenzangu, shikamooni wakubwa. Kamati yetu imeruhusiwa kuuza vyakula siku ya mahafali ya Darasa la Saba ili tupate fedha za madawati. Kila mwaka tumeuza soda, pipi na barafu za rangi, na kwa kweli huisha mapema. Mwaka jana nilikuwa mezani nikipokea fedha, nikamwona mtoto mdogo akirudi mara ya tatu kabla ya saa tano, vidole vikinata rangi nyekundu, nikajiuliza kwa nini mwalimu amfundishe lishe darasani halafu sisi tumlishe sukari uwanjani. Mhazini wetu anahofia hasara, kwa kuwa soda isiyonunuliwa hurudishwa kwa wakala, ilhali matunda huoza. Naomba ushauri.

Mwalimu mstaafu, Tanga:
Hofu ya mhazini ina msingi. Sisi tulianza na matikiti maji ya vipande. Kufikia saa sita nzi walikuwa wengi kuliko wanunuzi, tukamwaga karibu nusu. Baada ya hapo tuliamua kuuza tu chakula chenye ganda lake: machungwa, ndizi mbivu, mayai, karanga na mahindi ya kuchemsha. Chungwa humenywa mbele ya mnunuzi, ngozi nyeupe ikaachwa ili mtoto alishike bila kulowa, na lisilomenywa hubaki mali hadi wiki ijayo. Mayai ndiyo yaliyotupa faida nzuri zaidi. Gawanya bei ya trei kwa 30, ongeza gharama ya mkaa na kachumbari, mtaona wenyewe. Tena hayahitaji mfuko, jambo ambalo ni nafuu tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019.

Afisa lishe:
Naunga mkono, kwa tahadhari mbili. Karanga zichambuliwe kabla ya kuchemshwa na zenye ukungu zitupwe, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haiondoki kwa moto wa jikoni; tusisahau watu waliofariki Dodoma na Manyara mwaka 2016 kutokana na mahindi yenye sumu hiyo. Pili, msidhani juisi ya ukwaju au ubuyu ni salama kwa kuwa ni ya asili, kama ndoo imemiminiwa sukari bila kipimo. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na chupa ya soda ya kawaida ya mililita 350 peke yake hubeba zaidi ya gramu 30.

Mama wa watoto watatu, Dodoma:
Yote ni sawa, lakini pipi zikibaki langoni mayai yenu yatadoda. Zungumzeni mapema na akina mama wanaouza pale nje. Wapeni meza ndani, wauze mihogo na viazi vitamu vya kuchemsha, nao wachangie sehemu ya mapato. Sisi tuliwafukuza, wakahamia ng'ambo ya barabara, na watoto wakawafuata huko.

Mzazi wa Darasa la Nne, Morogoro:
Nashukuru sana. Suala la langoni halikuwa limetujia kabisa. Mwalimu, kwa shule yenye watoto wapatao 600, mlianza na trei ngapi?

Mwalimu mstaafu, Tanga:
Anzeni na sita, na sufuria ya pili iwe tayari jikoni. Yai bichi hurudi dukani, lililochemshwa halirudi.