Vumbi limenishinda, nitajieni mashine nzuri ya kufyonza

Mzee wa Uani
Wakuu, heshima kwenu. Niko Dodoma, Nkuhungu. Mama watoto akifuta meza asubuhi, saa sita unaandika jina lako kwa kidole. Sofa, pazia, mapanga ya feni, hadi ndani ya kabati la vyombo. Nyavu zipo, mlangoni nimetandika zulia. Nina laki mbili na nusu, ninunue mashine gani? Matusi hapana.

Chelewa
Dodoma unashangaa vumbi? Mimi nilihamia huko na ofisi 2019, shati jeupe likawa rangi ya chai ya maziwa ndani ya wiki. Mchumba wangu wa Tanga alikuja mara moja, hakurudi. Mpaka leo nalilaumu vumbi.

Mama Kulwa
Achana na mashine. Nani anafagia, na kwa nini? Fagio kavu linalipandisha tu, lile jepesi linaelea masaa, linatua mkiwa mezani. Tumia tambaa lenye unyevu, anzia juu: feni, kabati, meza, halafu deki. Na hilo zulia toa, ni ghala la vumbi.

Mtumishi
Usafi ni malezi. Siku hizi wake zetu wanashinda na simu.

Mama Kulwa
Mtumishi, wewe kwako umeshika tambaa lini?

Jicho Kali
Mleta mada, hilo vumbi rangi gani?

Mzee wa Uani
Vumbi ni vumbi mkuu.

Jicho Kali
La barabarani huko ni la wekundu. Jibu swali.

Mzee wa Uani
La njano njano, laini kama bizari.

Jicho Kali
Linanukia mninga?

Mzee wa Uani
Haya. Nina banda la useremala uani. Msinihukumu. Fremu ya mjini inakula faida yote, hapa nalala karibu na mashine zangu. Na juzi nimelipia mashine ya pili ya msasa, laki tatu ya kianzio, hairudi. Banda haliondoki. Nisaidieni huku ndani.

Jicho Kali
Liko upande gani wa nyumba?

Mzee wa Uani
Mashariki, linatazamana na chumba cha watoto. Mdogo anakohoa usiku ila hospitali wamesema ni mzio tu.

Jicho Kali
"Tu"? Kiangazi upepo wa Dodoma unatoka hukohuko mashariki. Unampepetea mtoto kila siku.

Randa Kavu
Mimi ni seremala miaka 14. Mninga ni mtamu kwa macho ila una ugomvi na kifua. Nikiupiga msasa bila barakoa napiga chafya hadi usiku. Wataalamu wa saratani wa WHO waliliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya visababishi tangu 1995, kansa ya pua. Msasa hamishia magharibi ya nyumba, funga mfuko kwenye mashine, nguo za kazi vulia bandani. Ukiingia nazo sebuleni umeliingiza banda.

Kipimo
Wakuu mnakunywa chai. Wiki mbili zilizopita huyuhuyu alikuwa jukwaa la matangazo anauza mashine ya kufyonza vumbi, "mpya kabisa". Leo hajui anunue ipi? Subirini, kesho atakuja mtu mwenye ujumbe mmoja kuisifia.

Chelewa
Halafu seremala gani asiyelijua vumbi la mbao? Wakuu, tumepigwa.

Mtumishi
Uongo nao ni malezi.

Mzee wa Uani
Ile ilikuwa yangu! Ilifanya kazi siku tisa, kichujio kikajaa unga wa mbao, mota ikanuka. Nikaandika mpya kwa sababu siku tisa ni mpya.

Mama Kulwa
Kwa hiyo unataka nyingine ife kwa ugonjwa uleule?

Mzee wa Uani
Nitalizungushia banda turubai. Nimeshamwambia fundi.

Randa Kavu
Vumbi lote libaki humo na wewe ndani? Barakoa basi.

Mzee wa Uani
Barakoa inaniziba pumzi.

Chelewa
Mkuu, hiyo iliyokufa bado ipo? Mota nasuka mwenyewe. Elfu thelathini.

Mzee wa Uani
Arobaini. Nicheki pembeni.